Roland Garros: Uwanja wa mwisho unaoamini jicho la binadamu

Shirikisho la Tenisi la Ufaransa limeshikilia msimamo wake. Kwa mwaka 2026 pia liliamua waamuzi wa mistari wawepo Roland Garros, wakiinama kila mpira unapoukaribia mstari na kupaza sauti ukitoka nje. Kati ya mashindano manne makubwa ya tenisi duniani, haya ya Paris ndiyo pekee yaliyobaki nao. Australia na Marekani waliwaondoa miaka kadhaa iliyopita. Wimbledon, inayosifika kwa kushika mila, iliwaaga mwaka 2025. Mwaka huohuo ATP, chama kinachosimamia mashindano ya wanaume wa kulipwa, kiliweka mashine za kuamua mistari katika mashindano yake yote, ya udongo yakiwamo: Monte Carlo, Barcelona, Madrid na Roma.

Uamuzi wa Wafaransa umezua maneno. Wapo wanaowaona wakaidi, watu wanaong'ang'ania ya kale dunia ikisonga mbele. Mwandishi wa makala haya yuko upande wa wakaidi, na sababu yake iko chini ya viatu vya wachezaji.

Uwanja wa udongo una jambo moja ambalo viwanja vya nyasi na vya sakafu ngumu havina: mpira ukidunda, unaacha alama inayosomeka. Mchezaji akibisha, mwamuzi mkuu hushuka kutoka kiti chake kirefu, huenda hadi penye alama, huinama na kuitazama. Akiinua kidole, mpira ulitoka. Akilaza kiganja kuelekea chini, mpira ulikuwa ndani. Uwanja mzima huwa kimya wakati huo, na sisi tulio mbele ya televisheni husogea karibu na kioo kana kwamba nasi tumeitwa kutoa ushahidi.

Vigae vya Vallauris

Simulizi wanayoipenda watu wa Roland Garros inaanzia mbali na Paris, katika mji wa Cannes kusini mwa Ufaransa, mnamo mwaka 1880. Mapacha wawili Waingereza, William na Ernest Renshaw, waliona nyasi za viwanja walivyovitumia zikiungua kwa jua kali la pwani ya Mediterania. Jirani na hapo upo mji wa wafinyanzi uitwao Vallauris. Vyungu vilivyoharibika vikachukuliwa, vikasagwa na kumwagwa juu ya nyasi ili kuzikinga. Hivyo ndivyo uwanja mwekundu ulivyozaliwa, kwa mujibu wa simulizi hiyo.

Wekundu tunaouona leo kwenye televisheni ni mwembamba kuliko shabiki anavyodhani. Uwanja wa Roland Garros una tabaka tano. Chini kabisa ni mawe, juu yake kokoto, kisha mabaki ya makaa ya mawe yaliyoungua, kisha mawe meupe ya chokaa yaliyosagwa, unene wa sentimita sita hadi saba. Vumbi la matofali ndilo linalomalizia, nalo ni milimita moja au mbili tu. Ni vumbi hilo dogo linalopunguza kasi ya mpira, linalomwezesha mchezaji kuteleza hatua mbili kabla ya kupiga, na linalotunza alama.

Kijana wa Réunion

Uwanja wenyewe ulijengwa mwaka 1928 kwa sababu ya kikombe. Mwaka mmoja nyuma, Wafaransa wanne, Jean Borotra, Jacques Brugnon, Henri Cochet na René Lacoste, walikwenda Philadelphia wakawanyang'anya Wamarekani Kombe la Davis. Sasa Wamarekani walikuwa wanakuja Paris kulidai, na Paris haikuwa na uwanja wa kutosha. Klabu ya Stade Français ikatoa ardhi karibu na Porte d'Auteuil kwa sharti moja: uwanja uitwe kwa jina la mwanachama wake aliyekufa vitani, rubani Roland Garros.

Msomaji wa pwani yetu ana haki ya kujua kwamba Garros alikuwa mtu wa Bahari ya Hindi. Alizaliwa Saint-Denis, kisiwani Réunion, tarehe 6 Oktoba 1888. Septemba 1913 aliruka kutoka Fréjus, Ufaransa, hadi Bizerte, Tunisia, akawa mtu wa kwanza kuivuka Mediterania kwa ndege bila kutua njiani. Aliuawa katika mapigano ya angani tarehe 5 Oktoba 1918, siku moja kabla ya kutimiza miaka 30. Jina lake halikubandikwa pale kwa sababu ya tenisi. Rafiki yake wa masomo, Émile Lesieur, ndiye aliyekuwa akiiongoza klabu hiyo na hakukubali jina jingine.

Kombe likabaki Ufaransa hadi 1933. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, serikali ya Ufaransa iliugeuza uwanja huo kuwa mahali pa kuzuilia wageni iliowashuku, na mwandishi Arthur Koestler ni mmoja wa waliolala chini ya majukwaa yake.

Yaliyofuata yanajulikana na wengi. Mwaka 1968, Paris ikiwa katika migomo na maandamano, Roland Garros yakawa mashindano makubwa ya kwanza kuwaruhusu wachezaji wa kulipwa kucheza na wa ridhaa. Ken Rosewall akamshinda Rod Laver fainali. Björn Borg alilitwaa taji mara sita, Chris Evert mara saba. Mwaka 1983 akashinda Yannick Noah, mtoto wa mwanasoka wa Cameroon, aliyegunduliwa na mchezaji wa tenisi Arthur Ashe mjini Yaoundé akiwa mvulana wa miaka 11. Tangu siku hiyo hakuna Mfaransa mwingine aliyelishika kombe la wanaume.

Jumamosi ya alama

Shabiki akitaka kuelewa nguvu ya alama ile ya vumbi, na aitafute kanda ya fainali ya wanawake ya Jumamosi, tarehe 5 Juni 1999. Makala haya yanaiegemea kanda hiyo kuliko kitabu chochote.

Upande mmoja alikuwapo Martina Hingis wa Uswisi, miaka 18, namba moja duniani. Alikwisha kushinda Australia, Wimbledon na Marekani. Paris peke yake ndiyo iliyomponyoka. Mwaka 1997 alifika fainali akafungwa na Iva Majoli. Upande wa pili alisimama Steffi Graf wa Ujerumani, anayekaribia miaka 30, magoti na mgongo vimeshamsumbua kwa miaka, watu wengi wakidhani enzi yake imekwisha.

Watazamaji walikuwa wa Graf tangu mwanzo. Hingis alikuwa ameingia Paris akidaiwa. Januari mwaka huo, huko Australia, alimtolea maneno ya kejeli Amélie Mauresmo, binti wa Kifaransa aliyekuwa ndiyo kwanza anachomoza, na Paris haikusahau. Kisha droo ikawakutanisha raundi ya pili palepale Roland Garros, Hingis akamtoa. Deni likaongezeka.

Hata hivyo, kwa saa nzima Hingis alicheza kama mwenye nyumba. Alichukua seti ya kwanza 6-4. Ya pili akaongoza 2-0. Ndipo ulipokuja mpira mmoja aliourudisha kwa mkono wa kulia, ukadunda karibu kabisa na mstari wa nyuma, upande wa Graf. Mwamuzi wa mstari akasema umetoka.

Hingis hakukubali. Mwamuzi mkuu akashuka, akatazama, uamuzi haukubadilika. Hapo binti yule akafanya jambo lisilofanywa: akauzunguka wavu, akaingia upande wa mpinzani wake, akaenda kuonyesha kwa raketi alama aliyodhani ndiyo yenyewe. Sheria haimruhusu mchezaji kuvuka wavu kwenda kukagua alama upande wa pili. Akakatwa pointi. Akaenda kuketi kitini kwake, akataka aitwe mkubwa wa mashindano. Mkubwa akaja, majadiliano yakawa marefu, majukwaa yakaanza kuzomea, na Graf akabaki amesimama upande wake akisubiri mchezo uendelee.

Mchezo uliendelea, ila haukuwa uleule. Kila kosa la Hingis likawa linashangiliwa. Hata hivyo alifika 5-4, mpira wa kuanzisha ukiwa mikononi mwake, pointi tatu tu zikimtenga na kombe. Akashindwa kulifunga. Graf akageuza seti ikawa 7-5, na katika seti ya tatu akakimbia na mchezo. Akiwa karibu kufungwa, Hingis alianzisha mpira kwa mkono wa chini, ujanja ambao Michael Chang alishangiliwa sana kwa kuutumia hapohapo Paris mwaka 1989 dhidi ya Ivan Lendl. Yeye alizomewa. Ukaisha 4-6, 7-5, 6-2.

Hingis akatoka uwanjani mbio. Aliporudi kwa ajili ya kupokea zawadi ya mshindi wa pili, alikuwa ameshikwa na mama yake, Melanie Molitor, ambaye pia ndiye aliyekuwa kocha wake, machozi yakimtiririka. Graf alikuwa amepata taji lake la sita la Roland Garros na la 22 la mashindano makubwa. Miezi miwili baadaye alistaafu. Kesho yake Andre Agassi alishinda fainali ya wanaume, na mwaka 2001 mabingwa hao wawili wakaoana. Hingis hakulipata kamwe taji la mmoja mmoja la Paris.

Shabiki yeyote aliyeona siku ile atakwambia kwamba alama moja ya vumbi iliamua fainali. Hilo si kweli kwa hesabu, kwani ilikuwa pointi moja ya mapema katika seti ya pili. Kilichoamua ni namna binti wa miaka 18 alivyoshindwa kuiacha alama ile nyuma yake. Hiyo ndiyo tenisi ya udongo: inampa mchezaji ushahidi wa kuutazama, halafu inampima kama anaweza kuugeuzia mgongo na kucheza mpira unaofuata.

Mashine na simu ya Zverev

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mtu mmoja. Rafael Nadal alishinda Roland Garros mara 14 kati ya 2005 na 2022, akacheza mechi 116 na kupoteza nne. Mei 2025 waandaaji waliweka alama ya kiatu chake karibu na wavu wa uwanja mkuu, Philippe-Chatrier. Wiki mbili baadaye, kwenye uwanja huohuo, Carlos Alcaraz na Jannik Sinner walicheza fainali ya saa tano na dakika 29, ndefu kuliko zote katika historia ya mashindano hayo. Ilianza kwetu saa kumi alasiri, ikamalizika usiku.

Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na majaribio ya kuufanya udongo upendeze zaidi kwa televisheni. Mwaka 2012 Madrid ilipaka vumbi lake rangi ya buluu ili mpira uonekane vizuri. Wachezaji wakalalamika kwamba wanateleza ovyo, Nadal na Novak Djokovic wakitangulia, na ATP ikaupiga marufuku udongo huo wa buluu.

Safari hii kilichokuja ni kamera za mashine zinazoamua mistari. Watetezi wake wana hoja nzito. Vumbi halina unene mmoja kila mahali; upepo huliondoa hapa na kulirundika pale, na mpira wenyewe hutambaa kidogo unapogusa ardhi. Kwa hiyo alama inaweza kuwa kubwa au ndogo kuliko mguso halisi, na jicho la mwamuzi huchoka. Yote hayo ni kweli.

Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Aprili 2025, Madrid, Alexander Zverev aliona mashine ikisema mpira wa mpinzani wake, Alejandro Davidovich Fokina, ulikuwa ndani. Alama chini ilimwambia vingine. Akachukua simu yake mfukoni mwa begi, akaipiga picha alama hiyo, akapewa onyo. Mashine ililetwa imalize ugomvi. Kwenye udongo imeuhamishia tu mahali pengine, na safari hii hakuna mtu wa kushuka kitini aje kuinama, kutazama na kuwajibika kwa alichokiona.

Anayeongoza mashindano ya Roland Garros tangu mwisho wa 2021 ni Amélie Mauresmo, yuleyule ambaye Paris ilimtetea mwaka 1999. Chini yake waamuzi wa mistari wamebaki. Wafaransa wanasema waamuzi wao ni hodari na kwamba shule ya uamuzi nchini mwao ingedhoofika bila kazi hiyo. Hoja ya pili ndiyo yenye uzito kwetu. Mwamuzi wa kiti kirefu hazaliwi kitini. Huanzia kwenye mstari, katika mashindano madogo, akichomwa na jua.

Afrika Mashariki nayo ina udongo. Mwaka 2024 Kigali iliandaa mashindano ya ngazi ya Challenger, iliyo chini ya ngazi kuu ya ATP, kwenye viwanja vyekundu, hatua kubwa kwa ukanda huu. Mashirikisho yetu yanayopenda kuiga ya wakubwa yaige basi na hili la Paris: yawafundishe vijana uamuzi kama yanavyowafundisha kupiga mpira. Mashine ni ghali na hatutakuwa nazo kesho. Macho tunayo, na mashindano ya vijana ya wilaya ndipo pa kuanzia.