Safu ya Lugha: Umehamisha au umenakili?

Vijana wa kompyuta wamezoea kusema "nimehamisha mafaili kwenye seva" kila wanapoandika amri ya scp kwenye lile dirisha jeusi. Hawajahamisha kitu. Aliyehama Tanga akaenda Mbeya hayupo tena Tanga. Faili lililopitia scp bado liko pale pale, ila sasa lina pacha kwenye seva. Huko ni kunakili.

Kosa lina asili yake. FTP, itifaki ambayo Abhay Bhushan aliiandikia maelezo ya kwanza mwaka 1971, ina jina la Kiingereza linaloashiria kuhamisha, ingawa amri zake kuu, get na put, huacha faili la awali mahali pake. Cha kuchekesha, naqala la Kiarabu, ndugu wa "nakili" yetu, hubeba maana zote mbili: kusafirisha na kunakili. Sisi tulibaki na moja, na tulifanya vema.

Kwenye skripti inayojiendesha usiku, huu si ubishi wa walimu. Amri ya rsync hunakili, lakini ukiiongezea --remove-source-files, hufuta faili la chanzo baada ya kulifikisha, na hapo ndipo "hamisha" inapostahili. Amri ya mv huhamisha tangu mwanzo. Kupakia na kupakua? Hayo hutaja mwelekeo tu, kwenda kwenye seva au kutoka huko.

Basi unapoandika maelezo juu ya skripti yako, sema "nakili" kama unanakili. Mwenzako akisoma "hamisha" ataamini chanzo kimeshaondoka.