Kiti cha pikipiki katika safari ndefu: namna ya kupunguza maumivu bila kupoteza fedha

Jina bodaboda lilizaliwa mpakani. Katika miaka ya 1960, waendesha baiskeli wa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, walianza kuvusha wasafiri na mizigo yao kutoka upande mmoja hadi mwingine. Juu ya keria ya baiskeli walifunga mto ili abiria asiumie. Tangu wakati huo baiskeli imeipisha pikipiki, na safari iliyokuwa ya dakika chache sasa inaweza kuwa ya siku nzima. Hata hivyo, mto wa abiria bado unafikiriwa kuliko kiti cha dereva mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayetoka Kampala kwenda Bukoba kupitia Masaka na mpaka wa Mutukula. Njia hiyo ina urefu wa kilomita 300 hivi. Akienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, atakaa juu ya kiti saa 6, bila kuhesabu muda wa mpakani, na bado kuna safari ya kurudi. Maumivu ya makalio na kiuno katika safari kama hii si jambo la kuchekwa. Dereva anayeumwa hujigeuzageuza, huacha kutazama mbele, hukata kona vibaya, na mwishowe hupunguza safari zake. Hiyo ni hasara ya kibiashara kama hasara nyingine yoyote.

Makala hii inaeleza maumivu hayo yanatoka wapi, jinsi ya kuyapunguza kwa gharama ndogo, na makosa yanayofanywa mara nyingi kwa fundi.

Maumivu yanatoka wapi

Sababu ni mbili, nazo zinahitaji tiba tofauti.

Ya kwanza ni mgandamizo. Mtu anapokaa, uzito wa kiwiliwili hubebwa na mifupa miwili ya makalio iliyoachana kwa takriban sentimita 10 hadi 14. Kiti kikiwa chembamba au sponji ikiwa imechoka, uzito wote huangukia sehemu hizo mbili ndogo. Damu haipiti vizuri, ganzi huanza, kisha maumivu.

Ya pili ni mtetemo. Injini, mawe na mashimo ya barabara hurusha mtetemo unaopanda kupitia kiti hadi kwenye uti wa mgongo. Mwili wa mtu aliyekaa huathirika zaidi na mtetemo wa juu na chini wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na huo ndio unaopatikana kwa wingi kwenye barabara mbovu. Katika nchi nyingine suala hili lina sheria. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 linamtaka mwajiri achukue hatua pale mtetemo wa mwili mzima wa mfanyakazi unapozidi mita 0.5 kwa sekunde mraba kwa siku ya kazi ya saa 8, na linakataza kuvuka 1.15. Mfanyabiashara wa pikipiki hana mwajiri wa kumpimia. Lazima ajilinde mwenyewe.

Anza na vitu visivyo na gharama

Kabla ya kumpelekea fundi kiti, kagua mambo manne. Mara nyingi kiti hulaumiwa kwa kosa lisilo lake.

1. Upepo wa tairi. Tairi lililojazwa kupita kiasi hupeleka kila jiwe mgongoni. Lakini usilipunguze upepo chini ya kiwango cha mtengenezaji ili upate ulaini. Tairi laini lenye mzigo hupata joto, huyumba na hupasuka. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pikipiki au kitabu chake, na uzingatie kwamba kipimo cha kubeba mzigo ni tofauti na cha mtu mmoja.

2. Shokapu za nyuma. Pikipiki nyingi za kazi zina pete chini ya springi ya kukaza au kulegeza. Zikiwa zimelegea na mzigo ni mkubwa, shokapu hufika mwisho na kugonga, na hakuna kiti duniani kinachoweza kuzuia pigo hilo. Zikikazwa sana wakati huna mzigo, pikipiki inakurusha. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma likiwa juu, upime kutoka nati ya ekseli hadi alama moja ya bodi. Kisha kaa ukiwa na mzigo wako wa kawaida, mwenzako apime tena. Tofauti iwe karibu theluthi moja ya urefu wote ambao shokapu inaweza kushuka. Shokapu inayovuja mafuta ibadilishwe kwanza, kiti kitasubiri.

3. Usukani. Ukilazimika kuinama ili kuufikia, kiuno kitauma hata ukikalia godoro. Legeza nati, uzungushe usukani nyuma kidogo mpaka viwiko vipinde kwa ulegevu, kisha ukaze sawasawa. Hakikisha waya za breki na klachi hazivutwi unapokata kona hadi mwisho.

4. Mfuko wa nyuma. Bunda la noti, pasipoti na kibali vikikaa mfuko wa nyuma wa suruali, vinainua upande mmoja wa nyonga kwa saa nzima za safari. Vihamishe kifuani, mahali ambapo pia ni vigumu kuibiwa.

Namna ya kupanga mzigo

Wafanyabiashara wengi hufunga kreti au gunia juu ya nusu ya nyuma ya kiti. Matokeo yake ni kwamba dereva husukumwa mbele, kwenye sehemu nyembamba karibu na tangi, ambayo haikutengenezwa kubeba uzito wake. Pembe ya kreti nayo humchoma kiunoni kila pikipiki inaporuka.

Mzigo ukae kwenye keria, vitu vizito vikiwa chini na karibu na dereva, vyepesi nyuma. Mzigo mzito uliovuka nyuma ya ekseli hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi na usukani kuwa wa wasiwasi. Acha nafasi ya kiganja kimoja kati ya mgongo wako na mzigo. Nafasi hiyo ndiyo itakayokuwezesha kurudi nyuma na kubadilisha mkao katikati ya safari.

Kujua kama sponji imekwisha

Vua kiti na ubonyeze kwa kidole gumba pale unapokaa. Ukigusa kitako kigumu cha chini bila kutumia nguvu, sponji imekufa. Kipimo kingine: kaa juu ya kiti, ingiza vidole vyako chini ya mfupa wa kalio. Vikibanwa kama vimewekwa juu ya ubao, kiti hakikubebi tena.

Angalia pia kama kuna maji. Kiti kizito kuliko kawaida, au kinachotoa maji kikibonyezwa, kina mpasuko kwenye ngozi au kwenye mishono. Sponji iliyolowa mara nyingi huoza na kupoteza nguvu haraka.

Ugumu ni bora kuliko ulaini

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mteja humwambia fundi, "Niongezee sponji laini." Fundi hukata kipande cha godoro la kulalia na kukibandika juu. Siku ya kwanza kiti ni raha tupu. Baada ya wiki chache sponji imelala, mifupa inagusa chini, na maumivu yamerudi yaleyale.

Sababu ni uzito wa sponji kwa ujazo wake. Sponji ya viti vya pikipiki vinavyotoka kiwandani huwa na takriban kilo 50 hadi 70 kwa mita moja ya ujazo. Sponji ya magodoro ya bei nafuu mara nyingi haifiki hata kilo 30. Godoro humbeba mtu aliyelala, uzito wake ukiwa umeenea mwili mzima. Kiti kinabeba uzito karibu wote kwenye eneo dogo, tena huku kinarukaruka.

Unaweza kuipima mwenyewe dukani. Omba kipande chenye sentimita 30 kwa 30 na unene wa sentimita 10. Hizo ni lita 9. Kipande cha kilo 60 kwa mita ya ujazo kitakuwa na uzito wa gramu 540. Kikiwa na gramu 250 hivi, hicho ni cha godoro. Kwa kipande cha kipimo kingine, zidisha urefu, upana na unene kwa sentimita, gawanya kwa 1,000 upate lita, kisha gawanya gramu kwa lita. Jibu ni kilo kwa mita ya ujazo.

Sponji ya vipande vya rangi mchanganyiko vilivyogandishwa pamoja ni nzito na imara, na inafaa sana kwa tabaka la chini. Juu yake weka tabaka moja la sponji ya wastani lenye unene wa sentimita 1 hadi 2, ili ngozi isiwe kama jiwe. Tabaka gumu hubeba uzito, tabaka laini hupokea umbo la mwili. Tabaka hizi zisigeuzwe kinyume.

Umbo la kiti

Mweleze fundi mambo matatu kabla hajashika kisu.

Kwanza, sehemu unayokaa iwe tambarare na pana kuliko mifupa ya makalio. Kiti chenye mgongo wa katikati kama paa la nyumba hubana sehemu za siri na kuleta ganzi.

Pili, kisielekee mbele. Kiti kinachoteremka kuelekea tangi hukufanya uteleze kila unapofunga breki, na mikono yako ndiyo itakayobeba mwili. Kifundo cha mkono kitauma na utadhani tatizo ni usukani.

Tatu, upande wa mbele ubaki mwembamba na urefu wa kiti usizidi. Ukiongeza sentimita 4 za sponji, miguu inaweza isifike chini vizuri. Pikipiki yenye mzigo ikisimama kwenye foleni ya mpakani na ukashindwa kukanyaga, itaanguka na mzigo wote. Kaa juu ya sponji kabla haijashonewa ngozi, ukiwa na viatu vya safari, ukanyage chini kwa miguu yote miwili. Kama kisigino kinaning'inia, kata.

Ngozi ya bandia ivutwe kwa kiasi. Ikikazwa kama ngoma, hata sponji nzuri itakuwa ngumu. Chini yake iwekwe karatasi ya nailoni kuzuia maji, na mishono isipite pale unapokaa.

Vitu vya kuweka juu ya kiti

Kwa asiye tayari kubadilisha sponji, kuna njia za muda. Ngozi ya kondoo yenye manyoya hupitisha hewa na kupunguza jasho na michubuko, ingawa ikilowa huchelewa kukauka. Shanga za mbao kama za madereva wa malori zinaruhusu hewa, lakini haziondoi mgandamizo. Mto wa hewa husambaza uzito vizuri, mradi usijazwe sana. Ukae juu yake huku mifupa ikiwa karibu kugusa chini lakini haigusi. Chochote utakachochagua, kifungwe kisiteleze. Mto unaohama kwenye kona ni hatari kuliko kiti kigumu.

Mapumziko ni sehemu ya kiti

Hakuna sponji inayomwezesha mtu kukaa saa 6 bila kuinuka. Kila baada ya dakika 10 hadi 15, barabara ikiwa nyoofu na salama, simama kidogo juu ya vikanyagio ili damu ipite. Kila saa moja hadi saa moja na nusu, shuka utembee dakika 5. Kwenye mashimo na matuta, inua makalio kidogo na magoti yapinde. Miguu ni shokapu nzuri kuliko zote.

Muda wa mpakani pia utumike. Ukiwa kwenye foleni ya nyaraka, simama na unyooshe mgongo badala ya kuendelea kukaa juu ya pikipiki.

Ganzi inayopotea baada ya kutembea ni ya kawaida. Lakini ganzi ya sehemu za siri isiyoisha, maumivu yanayoshuka mguuni, udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia mkojo ni mambo ya hospitali siku hiyohiyo. Hayo hayatibiwi na fundi wa viti.

Hesabu ya faida

Tuseme kutengeneza kiti kizima kunagharimu shilingi 80,000 za Uganda na kinadumu miaka 2. Kwa safari 3 kwa wiki, hizo ni safari 312. Gharama ni shilingi 256 hivi kwa safari, pungufu ya bei ya soda. Upande wa pili, tuseme maumivu yanakufanya ukose safari moja tu kwa mwezi, na kila safari inakuachia faida ya shilingi 20,000. Kwa miaka 2 umepoteza shilingi 480,000. Weka bei za mji wako mahali pa hizi, na kwa kawaida jibu halitabadilika.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: upepo wa tairi, shokapu, usukani na mzigo kwanza, sponji nzito na umbo sahihi baadaye, mapumziko siku zote. Pikipiki ikiharibika hununuliwa vipuri. Mgongo wa anayeiendesha hauna duka la vipuri upande wowote wa mpaka.