Uchafu wa viwanda Kilindini: nani ana kazi gani, na wewe uanzie wapi

Kila maji yanapobadilika rangi Port Reitz au mafuta yanapoelea Makupa, swali ni lile lile: twende kwa nani? Mmoja humwendea chifu, mwingine huiandikia kaunti, wa tatu hupiga picha akaiweka mtandaoni na mambo yakaishia hapo. Nimekusanya hapa mgawanyo wa kazi ulivyo, ili mvuvi na mkaazi wajue pa kuanzia.

Kwa nini hori zetu huumia haraka

Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na hori mbili kubwa, Tudor na Port Reitz. Ujenzi wa barabara ya tuta ya Makupa mwaka 1929 uliziba mkondo kati yake. Maji yakadumaa, na kando yake likakua jaa la Kibarani. Daraja jipya la Makupa, lililofunguliwa 2022, limeruhusu maji kupita tena, lakini maji kupita si sawa na maji kuwa safi.

Tumeonja hasara hapo awali. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika Makupa kutoka kwenye tangi la kuhifadhia na mikoko ikakauka. Aprili 2005 meli ya mafuta Ratna Shalini ilivuja bandarini, na mikoko ya Port Reitz ikaathirika. Mikoko ikifa, mvuvi mdogo ndiye wa kwanza kulala njaa, kwa sababu samaki, kaa na kamba hukulia humo.

Kila mmoja na kazi yake

NEMA ndiyo hutoa leseni ya kumwaga maji taka, na hairuhusiwi kiwanda kumwaga bila leseni hiyo. Chini ya sheria ya mazingira ya 1999 (EMCA), viwanda vinavyohusika hukaguliwa kimazingira kila mwaka.

Halmashauri ya Bandari (KPA) husimamia eneo la bandari, nayo KMA huangalia uchafu unaotoka melini. Kampuni za mafuta na KPA zina umoja wa kusaidiana mafuta yanapomwagika, OSMAG, kwa sababu hakuna kampuni moja inayoweza kuyazuia peke yake.

KMFRI hufanya utafiti wa bahari. Kaunti hushughulikia taka ngumu na maji taka ya mitaani. Walinzi wa Pwani, kikosi kilichoanzishwa 2018, wana mamlaka ya kukabiliana na uchafuzi majini.

Halafu kuna BMU, vikundi vya wavuvi katika bandari ndogo zetu. Mimi naona hawa ndio macho ya kwanza, kwani wako majini alfajiri kabla ya afisa yeyote kufungua ofisi.

Ukiona uchafu

1. Andika siku, saa, mahali na hali ya maji: yanajaa au yanakupwa. Mkondo ndio unaoonyesha uchafu umetoka wapi.
2. Piga picha inayoonyesha mdomo wa bomba au mtaro, si maji pekee.
3. Usichote wala kuonja. Uchukuaji wa sampuli ni kazi ya wataalamu, la sivyo mahakama huenda ikaikataa.
4. Peleka malalamiko kwa maandishi NEMA, nakala kwa kaunti na BMU yako. Baki na nakala iliyopigwa muhuri.
5. Omba kuona daftari la leseni za kumwaga maji taka. Kisheria ni waraka wa umma. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya serikali ikujibu ndani ya siku 21.
6. Ukipuuzwa, kuna Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 70 cha Katiba hakikutaki uthibitishe kwamba umeshapata madhara.

Funzo la Owino Uhuru

Wakaazi wa Owino Uhuru, Mikindani, waliathiriwa na risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu 2014. Hesabu miaka hiyo, kisha ukumbuke kuwa fidia haitoi risasi mwilini mwa mtoto.

Ndiyo maana nasema ushirikiano uanze kabla ya madhara. NEMA, KPA, kaunti, wenye viwanda na BMU wakae meza moja mara kwa mara, na matokeo ya vipimo vya maji yabandikwe pale samaki wanaposhushwa, kwa Kiswahili. Mwenye kiwanda anayefuata sheria hana cha kuogopa, na mvuvi atajua leo avue wapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa bahari hatuna fedha za kuujenga.