Foleni ya Mawe

Mwaka 1980, mjini Munich, Ujerumani, Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza wa jiwe la figo kwa mawimbi ya mshtuko, bila kisu. Tiba hiyo ilipoenea, madaktari waliona kwenye eksirei jambo lisilo la kawaida: punje za jiwe lililovunjwa zimejipanga ndani ya mrija unaotoka figoni kwenda kibofuni. Wajerumani wakaliita Steinstrasse, na madaktari wa kwingineko wakalichukua neno hilo lilivyo.

Tafsiri yake ya moja kwa moja ni “barabara ya mawe”, nayo inapotosha. Kwa mtu wa Kitanga, huku wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, barabara iliyomwagwa mawe ni neema ya masika: gari linapita. Mrijani hakuna kinachopita. Upana wake ni milimita 3 au 4 tu. Punje kubwa ikinasa, mara nyingi karibu na kibofu, zilizo nyuma hujazana, mkojo hukwama na figo huvimba.

Mimi nasema “foleni ya mawe”. Foleni ina wa mbele, na huyo asipotoka hasogei mtu. Tiba nayo huenda hivyohivyo: daktari akiiondoa punje iliyotangulia, nyingi za nyuma hushuka zenyewe. “Msururu” hautoshi, maana msururu waweza kuwa unatembea. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) wakiwa na neno bora, walete.

Foleni hii huwapata takribani wagonjwa 4 hadi 7 kwa kila 100 waliotibiwa kwa mawimbi, na hatari hupanda kadiri jiwe lilivyo kubwa. Nyingine huisha kwa dawa na uangalizi. Ya kuogopwa ni yenye homa: mkojo uliokwama ukiingiwa na vijidudu, sumu huweza kusambaa kwenye damu kwa saa chache, na hapo hutobolewa tundu mgongoni ili figo ipumue kwanza. Ipo pia foleni isiyouma, inayoua figo kimyakimya.

Mtu wa Kitanga huweza kuvunjwa jiwe mbali, tuseme Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, akapanda basi kurudi, punje zikaanza kushuka akiwa nyumbani. Ukipata homa, baridi ya kutetemeka, au maumivu ya ubavu na mkojo kupungua, nenda hospitali ya wilaya siku hiyohiyo, na useme jiwe lilivunjwa lini. Hata usipoumwa, usikose picha ya marudio.