Miji minne ya Mafia, na swali la minazi

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unakwenda Mafia, kwanza anacheka. Utani wa majambazi wa Sicily nilikwishausikia mara tano kabla sijafunga begi. Akimaliza kucheka anauliza, "Unakwenda kuona papa potwe?" Na kweli wapo, wadau. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na kuanzia Oktoba hadi Machi anakuja kula karibu kabisa na Kilindoni. Nimeogelea naye. Ni mkubwa kama daladala na mpole kama ng'ombe, na hayo yanatosha, maana vipeperushi vya watalii vimekwishayasema yote. Mimi nilifuata miji.

Tulivuka kutoka Nyamisati. Mashine ya boti ikazima mara mbili, tukawa tunaelea mbele ya midomo ya Rufiji huku abiria wakimlaumu nahodha na nahodha akiyalaumu mafuta. Humo kwenye mikoko ndimo manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilimojificha mwaka 1914. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakarushia ndege zao kutoka hapo, na tarehe 11 Julai mwaka huo meli ile ikaishia matopeni. Shuleni tulifundishwa vita hiyo. Kwamba ilipiganwa kwa kutumia kisiwa chetu, sikumbuki kuambiwa.

Haya, miji. Kilindoni ya leo, yenye soko, uwanja wa ndege na bodaboda zake, ndiyo mdogo wao. Wajerumani walihamishia makao yao hapo mwaka 1913, kwa sababu bandari ya Chole ilikuwa na maji machache na meli kubwa hazikuweza kuingia. Ndiyo desturi ya visiwa hivi, mji ukishindwa unaachwa. Kabla ya Kilindoni palikuwa Chole, kabla ya Chole palikuwa Kua, na kabla ya Kua palikuwa Kisimani, ambako tarikh ya Kilwa inasema mwanzilishi wa utawala wa Kilwa alimpeleka mwanawe Bashat akatawale.

Kwenda Kua unapanda mashua Utende na kuvuka hadi kisiwa cha Juani, na lazima uende na maji. Yakikupwa umekwama. Nilikuta misikiti isiyo na paa, makaburi, kuta za nyumba ya ghorofa aliyokaa mtawala, na mibuyu iliyosimama katikati ya vyumba kama wageni waliokataa kuondoka. Karibu mwaka 1829 Wasakalava walikuja na mitumbwi kutoka Madagaska, wakauchoma mji na kuwachukua watu utumwani. Mji haukujengwa tena.

Lakini kiongozi wangu hakuanza na Wasakalava. Alianza na kisa cha kabla yao. Watu wa Kisimani, alisema, walialika watu wa Kua kwenye sherehe ya kushusha jahazi jipya, halafu wakawalaza watoto wa wageni mchangani na kulisukuma jahazi juu ya miili yao. Watu wa Kua wakanyamaza. Miaka ikapita, nao wakawaalika wa Kisimani harusini, wakawaketisha kwenye chumba cha chini ya nyumba. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, akabaki mzee peke yake akiwazungumzisha wageni, na mlango ukajengwa kwa mawe ukafungwa. Kama ilitokea kweli au la, sijui mwanahistoria atakayeweza kuithibitisha. Kijana yule aliisimulia bila kupepesa, kama habari ya juzi.

Chole ni kisiwa kidogo, unakizunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Kuna boma la Wajerumani, jela, na kuta zilizokumbatiwa na mizizi mpaka huwezi kusema ni mti unaoshikilia nyumba au nyumba inayoshikilia mti. Juu ya miti wananing'inia popo wakubwa wala matunda, jamii inayopatikana Comoro na hapa. Jioni wanaruka kwa mamia, na anga linakuwa na kelele kama soko.

Ni hapo Chole nilipouliza swali ambalo sikulipanga. Baada ya Kua kufa, matajiri, wengi wao Waarabu wa Oman, waliishi kwenye kisiwa hiki kidogo. Mashamba yao yalikuwa ng'ambo, kwenye kisiwa kikubwa, na kisiwa kikubwa chote kikaitwa Chole Shamba. Yaani kile tunachokiita Mafia leo kilikuwa shamba la mji, na waliolima shamba hilo walikuwa watumwa. Biashara yao ilikuwa nazi. Kutoka Kilindoni hadi Utende unapita minazi, minazi, minazi.

Kibarazani nilimkuta mzee anasuka kamba. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba. Tukaongea mambo ya bahari na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1995, ambayo ana ya kusema kuhusu sheria zake za nyavu. Wajerumani alinitajia, Wasakalava alinitajia. Ndipo nikamuuliza, "Babu, ile minazi ya ng'ambo walipanda akina nani?"

Mikono yake ikasimama kidogo kwenye kamba.

"Tuliikuta," akasema.

Nikadhani hakunisikia, nikarudia. Akanitazama usoni, bila hasira. "Mjukuu wangu, nimesema tuliikuta." Akaendelea kusuka.

Usiku ule nilipiga hesabu. Wajerumani hawakuufuta utumwa, walisema tu kwamba atakayezaliwa baada ya 1905 ni huru. Waingereza ndio waliofuta kwa sheria, mwaka 1922. Mzee yule alizidi miaka themanini. Babu yake alikuwa upande mmoja au mwingine wa swali langu, nami nimelitupa barazani kwake kama ninavyowauliza wabunge bei ya sukari. Niliona aibu. Lakini pia niliona kwamba kila nilichopigia picha siku tatu zile kilikuwa nyumba ya mwenye mali. Hakuna gofu la waliopanda. Kuna minazi tu, na yenyewe inaishi na kufa na kupandwa upya.

Siku ya mwisho nilikwenda Ras Kisimani, mji wa kwanza. Usitegemee kuona mji. Bahari imeumeza karibu wote, na maji yakikupwa unatembea juu ya vigae vya vyungu vilivyolainishwa na mawimbi. Mtoto aliyenifuata aliokota kimoja chenye rangi ya kijani, akakigeuzageuza, akaniuliza kama ninakitaka. Nikamwambia hairuhusiwi kuchukua. Akacheka, akakirusha majini, kikaruka mara tatu ndipo kikazama.