Mdiria, furu na dagaa: ndege wa ziwa letu



Baada ya taarifa za madarasa na barabara, tumeomba ukurasa mmoja tuzungumzie ndege wa ziwani. Najua wapo watakaouliza ndege wameingiaje kwenye maendeleo. Tusikilizeni kwanza.

Sote tuliokulia huku tunamjua mdiria, hata kama jina hilo hatulitumii. Ni yule ndege wa madoa meusi na meupe, mwenye mdomo mrefu, anayesimama hewani akipiga mabawa, kisha anajitupa majini kama jiwe na kuibuka na samaki. Tuliposhuka ziwani utotoni tulimtazama kwa burudani tu. Kumbe wapo waliomtazama kwa kazi. Kuanzia mwaka 1977 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walikuwa hapa Mwanza wakichunguza furu wa ghuba yetu. Miaka ya 1980 sangara, aliyepandikizwa ziwani miongo miwili mitatu kabla, akaongezeka kwa kasi, na furu wakaadimika. Ndipo mdiria naye akachunguzwa. Ndege huyu hutapika mifupa ya samaki aliowala, ikiwa imeshikana kama kidonge. Vidonge vikaokotwa, mifupa ikatambuliwa, na ikaonekana kwamba mdiria ameacha furu na kuhamia dagaa. Kwa kuwa dagaa ni mdogo, ilimbidi avue samaki wengi zaidi ili ashibe.

Jikoni kwetu nako ikawa vivyo hivyo. Bibi zetu walipika furu. Sisi tunanunua dagaa Mwaloni, Kirumba, tena kwa kupimiwa.

Wa kwetu pia hawakulala. Kisiwa cha Saanane kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Chuo cha wanyamapori cha Pasiansi, majirani zetu, kilianza mwaka 1966. Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, bado ina msitu unaofika hadi majini, mafunjo, na furukombe wanaoitana tangu alfajiri. Mwaka 2000 waliachiwa huko hata kasuku wa kijivu waliokamatwa katika biashara haramu. Wageni huvuka bahari wakiwa na darubini shingoni kuja kuwaona. Sisi, ambao tangu Juni 2025 tunavuka Kigongo hadi Busisi kwa daraja bila kusubiri kivuko, ni wangapi tumefika?

Huku upande wetu mafunjo yanapungua. Sehemu tulizoziogopa utotoni kwa sababu ya mamba na chatu sasa ni bustani za mboga na viwanja. Hatumlaumu anayelima ili ale. Lakini humo ndimo samaki wadogo hujificha na ndege hujenga viota, na matope ya mvua hunaswa humo kabla ya kufika ziwani.

Kwa hiyo, katika harambee ya mwaka huu, tunaomba fungu dogo litengwe: nauli na kiingilio cha Saanane kwa wanafunzi wetu, darubini mbili, na daftari gumu la kuandika ndege waliowaona, tarehe na mahali. Na ndugu aliye ughaibuni mwenye darubini iliyolala kabatini, asiiuze.