Mtazamaji Amedhaniwa Kuwa Nani? Tarehe ya Nadharia za Usimulizi katika Sinema

Wanafunzi wanaoanza kusoma taaluma ya habari na nadharia ya usimulizi wa sinema aghalabu hukabidhiwa orodha ya majina na istilahi, wakazihifadhi kama zinavyohifadhiwa kanuni za hisabati, kana kwamba nadharia hizo zilizuka zikiwa kamili, pasipo mahali wala zama. Walakini kila nadharia ya namna sinema inavyosimulia hikaya ina tarehe yake, na ndani ya tarehe hiyo mna hukumu iliyokwisha kutolewa, kwa dhahiri au kwa siri, juu ya mtu aliyeketi gizani akitazama: ana akili kiasi gani, aweza kuunganisha nini na nini, na je, aongozwe mkono au aachiwe njia yake. Makala haya yanakusudia kuifuata hukumu hiyo, kutoka Moscow hadi milima ya Usambara, na kutoka huko hadi majumba ya sinema ya mwambao wetu.

Ndugu Auguste na Louis Lumière walipowaonyesha watu waliolipa kiingilio picha zao, katika mkahawa mmoja wa Paris tarehe 28 Desemba 1895, visa vilikuwa haba: wafanyakazi walitoka kiwandani, mtoto mchanga akalishwa, na kila picha ikakoma kabla ya kutimia dakika moja. Haikupita miaka kumi, Georges Méliès, bingwa wa mazingaombwe, akawa amekwisha kuwapeleka watazamaji mwezini (1902), na Edwin Porter wa Marekani akawa amesimulia wizi wa garimoshi (1903) kwa kuruka kutoka mahali hadi mahali, akimwachia mtazamaji kazi ya kutambua kuwa yote hayo ni kisa kimoja. Mwaka 1916 Hugo Münsterberg, mwanasaikolojia Mjerumani aliyefundisha Harvard, alitoa kitabu chenye hoja kuwa picha inayosogezwa karibu hufanya kazi ya makini ya akili, na ile inayorudi nyuma hufanya kazi ya kumbukumbu; kwa hiyo filamu, kwa rai yake, hutimia ndani ya akili ya mwenye kuitazama.

Hoja hiyo ilipata uwanja wa kujaribiwa Moscow. Chuo cha sinema kilichofunguliwa huko mwaka 1919, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea na filamu ghafi ikiwa adimu mno, kililazimika kufundisha sinema karibu bila ya sinema: wanafunzi wa Lev Kuleshov waliigiza maonyesho yaliyopangwa kama filamu ambazo hazingepigwa kamwe, na wakazikatakata filamu za zamani na kuziunga upya ili waone zitasema nini. Katika jaribio lililo mashuhuri kuliko yote, kama alivyolisimulia baadaye mwanafunzi wake Vsevolod Pudovkin, ulichukuliwa uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso uliotulia pasipo kuonyesha hisia yoyote, ukaungwa mara na bakuli la supu, mara na mwanamke aliyelala ndani ya jeneza, mara na mtoto wa kike akichezea dubu wa bandia. Watazamaji wakamsifu mwigizaji kwa ustadi wake: jinsi alivyozama katika fikra mbele ya supu, alivyohuzunika mbele ya maiti, na alivyomfurahia mtoto. Uso ulikuwa ule ule. Maana, basi, haikukaa katika picha ya kwanza wala ya pili, bali ilizaliwa na mtazamaji baina ya hizo mbili.

Katika nchi hiyo hiyo, mwaka 1928, Vladimir Propp alichambua ngano 100 za Kirusi akakuta kwamba, pamoja na tofauti zote za majina na vituko, matendo yanayousukuma mkondo wa kisa hayazidi 31, nayo hufuatana kwa taratibu moja. Wanazuoni wa sinema waliipokea kazi hiyo kwa shauku miaka mingi baadaye, na hadi leo hufunzwa darasani. Ila mwanafunzi akumbushwe kwamba Propp alizungumzia ngano za namna moja za taifa moja, na hakupata kudai kuwa amewapimia walimwengu wote.

Ilhali Moscow ilimdhania mtazamaji kuwa mshirika, dhana iliyo kinyume ilikuwa ikistawi karibu na kwetu. Baina ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, kulifanywa jaribio la sinema ya elimu kwa Wabantu, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani na chini ya usimamizi wa Baraza la Kimataifa la Misheni; Meja L. A. Notcutt alishika upigaji wa picha na G. C. Latham akashika upande wa elimu. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, na maneno yake yakatiwa katika santuri, ili picha ile ile iweze kusema Kiswahili mahali pamoja na lugha nyingine mahali pengine. Mojawapo ilihusu vibarua wawili: wa kwanza alifukia mshahara wake nyumbani, mwizi akaufukua, mwenziwe aliweka wake katika akiba ya posta, ukasalimika. Kisa kilikuwa na mwanzo, kati na mwisho, na wenyeji ndio walioigiza. Lakini mafunzo yaliamuliwa kabla ya kisa, na mtazamaji hakuachiwa jambo la kuamua.

Dhana hiyo ikageuka kanuni mikononi mwa William Sellers, aliyekuwa afisa wa afya Nigeria kabla ya kuingia Idara ya Filamu za Makoloni, iliyoundwa mwaka 1939. Alifundisha kwamba, kwa hadhira ya Waafrika, picha ziende polepole, kamera isiruke ghafla, hila zisitumike, na kila kisichohitajika kiondolewe. Ushahidi uliopendwa ulikuwa ni hadithi iliyosimuliwa na mwanazuoni John Wilson: wanakijiji walionyeshwa filamu ya bwana afya akifunza jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama katika makopo na vyombo, na walipoulizwa wameona nini, wakajibu kuwa wameona kuku. Wenye filamu hawakujua kuwa ina kuku, hata walipoikagua picha kwa picha wakamkuta, amepita pembeni kwa muda wa kama sekunde moja. Marshall McLuhan, mwananadharia wa mawasiliano, aliitia hadithi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1962 kama dalili kwamba wasiojua kusoma hawaoni picha kama waonavyo wasomi, na kwa njia hiyo kuku yule akaingia katika silabasi za vyuo vya dunia. Wachache tu waliuliza kama wanakijiji hawakuwa wamechoshwa tu na makopo, wakakishika kitu pekee kilichotukia bila ya kupangwa.

Jawabu la dhana hiyo lilikwisha kupatikana mwambaoni. Filamu ya Kihindi *Awaara* ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, huanzia mahakamani, ikarudi nyuma miaka mingi kueleza mshitakiwa ni nani na hakimu ni nani kwake, na katikati ikaingiza ndoto ndefu ya mawingu, ngazi na sanamu. Kila hila aliyoikataza Sellers imo. Watu wa Unguja na Dar es Salaam, wengi wao wasiojua Kihindi, waliipenda filamu hiyo na wakakifahamu kisa chake barabara, kwa kuwa maudhui ya nasaba, heshima na mtoto aliyekataliwa na babaye yalikuwa ni mambo ya mjadala barazani kwao.

Mwaka 1973 Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaica aliyefundisha Birmingham, aliutia uwezo huo wa mtazamaji katika nadharia: mpokeaji aweza kuukubali ujumbe kama ulivyokusudiwa, aweza kuupatanisha na hali yake, na aweza kuupinga kabisa. Ousmane Sembène wa Senegal, aliyesomea sinema Moscow, alikwisha kuonyesha kwa filamu yake *Borom Sarret* (1963) kuwa Mwafrika si mtazamaji tu bali ni msimulizi. Na katika vibanda vya video vya Dar es Salaam na Kampala wasimulizi wakazifasiri filamu za kigeni papo hapo, wakiongeza mizaha na mawaidha ambayo watungaji wake hawakuyaota.

Mwalimu na awape wanafunzi nadharia zote hizi, kila moja pamoja na zama zake, kisha awape kazi ya kutunga filamu fupi juu ya malaria kwa ajili ya watu wa vijijini. Hukumu ya Vugiri haikuondoka pamoja na Waingereza. Yaishi katika kila muswada unaorudia jambo moja mara tatu kwa kuhofia kuwa mwananchi hataelewa. Mwanafunzi atakayejikuta ameandika hivyo atakuwa ameitambua, ndani ya kazi ya mkono wake mwenyewe, nadharia ya Sellers, na hapo ndipo somo litakapokuwa limeanza.